Tangi la choo katika historia ya mji wetu, na haki ya mnunuzi wa nyumba



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, makala hii inahusu kitu ambacho hatupendi kukitaja mbele ya wageni, nacho ni tangi la choo lililofukiwa nyuma ya nyumba. Wengine huliita septiki, wengine karo. Katika madrasa zetu mlango wa kwanza wa fiqhi ni mlango wa twahara, na mtoto wa miaka saba anajua mguu wa kuingilia chooni na mguu wa kutokea. Lakini maji yakishamwagwa, yanakokwenda hatumfundishi, na mara nyingi hata sisi wakubwa hatujui.

Wanafunzi wakubwa wa darasa la Jumamosi waliuliza swali zuri: mtu anauza nyumba yake, naye anajua kuwa tangi limejaa na shimo la kunyonya halinyonyi tena, akanyamaza akachukua pesa. Je, pesa ile ni halali? Jibu fupi lipo vitabuni na litakuja hapa chini. Lakini mtu hawezi kulielewa vizuri akiwa Kampala bila kujua kwa nini katika mji wetu karibu kila familia ina mtaro wake binafsi chini ya ua. Haya yana historia, na historia yenyewe si ya kale sana.

WAZEE WETU WA PWANI NA MIJI YA KIISLAMU

Wako wanaodhani kwamba choo cha ndani ya nyumba kililetwa na Mzungu. Hilo si kweli. Huko Misri, katika mji wa Fustat uliotangulia Cairo, wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta nyumba zenye vyoo, mifereji ya ndani ya kuta na mashimo yaliyochongwa kwenye mwamba. Karibu na kwetu, James Kirkman alipoanza kuchimba magofu ya Gedi huko Kenya mwaka 1948 alikuta ndani ya nyumba za mawe vyoo vya shimo na mahali maalumu pa kutawadhia. Nyumba kubwa za Lamu za karne ya 18 nazo zilikuwa na choo hata ghorofani, chenye shimo lake refu chini, na pembeni birika la maji lenye samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Watu wanaotawadha mara tano kwa siku walilazimika kufikiri juu ya maji mapema kuliko wengine.

Hata hivyo tusijisifu kupita kiasi. Katika miji ya mawe ya pwani shimo la choo na kisima vilikuwa majirani wa karibu, na jiwe la matumbawe linapitisha maji. Kipindupindu kilipoingia Unguja mwaka 1869 kiliua watu wengi mno. Tabibu mmoja wa Kiskoti aliyekuwa akiishi pale, James Christie, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1876 akifuatilia namna ugonjwa ule ulivyosafiri katika Afrika Mashariki kwa njia za misafara. Misafara hiyo ndiyo iliyounganisha pwani na Buganda. Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suuna mwaka 1844, na kwa njia yake Uislamu ukatajwa kwa mara ya kwanza katika kasri la Buganda.

Lugha ya Luganda yenyewe ina jambo la kupendeza hapa. Choo cha shimo kinaitwa kabuyonjo, neno lililotokana na obuyonjo, yaani usafi. Mahali ambapo lugha nyingine zinapaita kwa kuona haya, Luganda inapaita mahali pa usafi.

MIJI MIWILI KATIKA MJI MMOJA

Desemba 1890 Kapteni Lugard alipiga kambi juu ya kilima cha Old Kampala, pale ulipo leo Msikiti wa Taifa uliofunguliwa mwaka 2008. Baada ya Mkataba wa Buganda wa 1900, palikua hapa miji miwili iliyotazamana. Mmoja ulikuwa mji wa serikali ya kikoloni, Nakasero na baadaye Kololo, pamoja na maduka ya Wahindi. Wa pili ulikuwa Kibuga, mji wa Kabaka, ukianzia Mengo na kuenea Rubaga na Natete, ambako ardhi ilikuwa ya mailo na watu walijenga kwenye vibanja.

Katika mji wa serikali kulitumika vyoo vya ndoo. Usiku walipita vibarua wakachukua ndoo, wakaenda kuzimwaga nje ya mji. Ilikuwa kazi ya dhiki na ya dharau, na watoto wa waliofanya kazi hiyo wengi hawakutaka kuitaja. Kisha tauni ikazuka mara kwa mara, na mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson akaletwa kutoka Uingereza kuchunguza afya ya miji ya Afrika Mashariki. Ushauri wake ulikuwa watu wagawanywe: Wazungu mahali pao, Wahindi mahali pao, Waafrika mahali pao, na uwazi katikati. Badala ya kupeleka usafi kwa wote, waliopewa usafi walitengwa na wasiopewa. Msomaji akitazama ramani ya mabomba ya maji machafu ya Kampala anaiona fikra ile bado imelala ardhini.

Kwa sababu mabomba yalipokuja yalifuata mpaka uleule. Kiwanda cha kusafisha maji machafu cha Bugolobi kilijengwa katika miaka ya 1940, na mabomba yakatandazwa kutoka katikati ya mji, Nakasero, Kololo na maeneo yaliyopangwa. Kibuga hakikupata. Kilikuwa na serikali yake na bajeti yake ndogo, na mji wa kikoloni haukuona kuwa hilo linauhusu. Watu wa Mengo na Kisenyi walichimba mashimo, wenye uwezo wakajenga matangi. Hadi mwaka 1968, mipaka ya jiji ilipopanuliwa ikaingiza Mengo, Kawempe na vitongoji vingine, maelfu ya nyumba tayari zilikuwa zimejengwa bila bomba na bila njia ya kulipitisha.

Mwaka 1972 likaundwa Shirika la Taifa la Maji na Maji Machafu, NWSC. Lakini mwaka ule ule Wahindi walifukuzwa, na nyumba zao zikaingia mikononi mwa watu wengine kwa haraka. Aliyejua tangi liko wapi alikuwa ameshapanda ndege. Vita na umaskini wa miaka iliyofuata vikafanya matengenezo yasahaulike. Leo, pamoja na kazi kubwa iliyofanywa, ikiwamo kituo cha Lubigi kilichofunguliwa mwaka 2014 na kiwanda kipya cha Bugolobi, wakazi waliounganishwa na bomba la maji machafu bado ni wachache, chini ya mmoja katika kumi. Waliobaki, ndugu yangu, ni mimi na wewe.

LILE TANGI LENYEWE

Tangi hili si elimu ya siri. Katika miaka ya 1860 Mfaransa Jean-Louis Mouras wa mji wa Vesoul alijenga sanduku la kupokea maji ya choo, na alipolifungua baada ya miaka kadhaa akashangaa kukuta halikujaa tope kama alivyotegemea. Mwaka 1895 Donald Cameron, mhandisi wa mji wa Exeter nchini Uingereza, akatengeneza la kwake na ndiye aliyelipa jina la septiki. Gesi iliyotoka humo aliiwashia taa.

Siri yake ni utulivu. Maji ya choo yakiingia katika tangi na kutulia angalau siku nzima, vizito vinazama kuwa tope, mafuta yanaelea juu kama utando, na katikati yanabaki maji yasiyo na vipande. Viumbe vidogo visivyohitaji hewa vinalila tope taratibu. Maji ya katikati yanatoka kwa bomba lenye umbo la herufi T, ambalo mdomo wake umezama chini ya utando ili mafuta yasipite, yanaingia katika shimo la kunyonya lililojazwa mawe, na udongo unamalizia kazi. Kwa hiyo maji yanayotoka kwenye tangi bado ni najisi na bado yana maradhi. Anayesafisha hasa ni udongo.

Hapo ndipo vilima vya Kampala vinapotofautiana na mabonde yake. Juu kwenye murram maji yanapenya, na tangi likijengwa vizuri linaishi miaka mingi. Chini mabondeni, Bwaise, Kalerwe, Natete, Namuwongo, maji ya ardhini yako karibu sana na uso, na wakati wa masika yanapanda hadi mlangoni. Udongo uliokwisha kunywa hauwezi kunywa tena. Ndiyo sababu Bwaise utaona vyoo vimejengwa juu kwa ngazi, na wako wenye nyumba wanaozibua tundu la chini mvua ikinyesha ili uchafu uondoke na mafuriko. Ndugu zetu wa Dar es Salaam wana neno kali kwa kitendo hicho: kutapisha choo. Mtume (s.a.w.) ametuonya tusijisaidie kwenye vyanzo vya maji, njiani na kwenye kivuli cha watu, na aliyetapisha tangi lake mtaroni ameyakusanya hayo kwa siku moja, maana mtaro unapita njiani na unaishia kwenye maji.

Matokeo yake tumeyaona. Kuanzia Desemba 1997, katika mvua za El Niño, kipindupindu kilipiga Kampala na katika miezi michache wakaugua watu zaidi ya 6,000. Mwaka 2015 homa ya matumbo ikatokea katikati ya jiji, walioshukiwa kuugua wakapita 10,000, na wachunguzi wakakuta maji ya kunywa na vinywaji vilivyotengenezwa kwa maji hayo vimechafuliwa. Chemchemi zetu zilizojengewa mabomba zinaonekana safi kwa macho, lakini waliozipima katika vitongoji vya Kampala walikuta uchafu unapanda haraka baada ya mvua. Familia nyingi bado zinateka hapo, hasa bomba likikauka.

Jambo jingine la kuhesabu. Wahandisi wengi hutaka kisima kiwe mbali na shimo la kunyonya kiasi cha mita 30. Kiwanja cha kawaida kwetu ni futi 50 kwa 100, na futi 100 ni hizo hizo mita 30. Maana yake hata ukiweka kisima pembe moja na tangi lako pembe ya pili, tangi la jirani linaweza kuwa karibu na kisima chako kuliko lako mwenyewe. Tangi la nyumba basi si mambo ya ndani ya nyumba.

FUNDI ALIYESIMAMA PAMOJA NA KADHI

Sasa turudi kwenye swali la wanafunzi. Katika Tunis ya karne ya nane ya Hijria, yaani karne ya 14 ya miladi, aliishi fundi mwashi aitwaye Ibn al-Rami. Hakuwa mufti. Alikuwa mjenzi aliyejua kuta, na makadhi wa mji walimtuma kwenda kuangalia majengo yenye ugomvi: ukuta wa nani umeegemea wa nani, maji ya nani yanaingia kwa jirani, choo cha nani kinaharibu kisima cha mwenzake. Alikusanya alichokiona na hukumu za wanazuoni wa madhehebu ya Imam Malik katika kitabu kiitwacho al-I'lan bi-ahkam al-bunyan. Kwa maoni yangu mtu huyu angestahili kutajwa madrasani, kwa sababu vijana wetu wengi watakuwa mafundi na si mashekhe, nao wanafikiri kwamba elimu ya dini haina nafasi kwa anayeshika mwiko na timazi.

Kadhi alimhitaji kwa sababu aibu ya nyumba haionekani kama aibu ya shati. Wanazuoni wa Kimaliki waliipa nyumba hukumu ya peke yake: aibu ndogo husamehewa, ya wastani muuzaji hulipa tofauti ya thamani, na kubwa humpa mnunuzi haki ya kurudisha nyumba. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo wengi wa Waislamu wa Uganda na pwani wanaifuata, aibu yoyote inayopunguza thamani, iliyokuwapo kabla ya kukabidhiwa na mnunuzi hakuijua, inampa hiari ya kurudisha, kwa sharti asicheleweshe baada ya kuigundua. Na muuzaji, kama anaijua, ni wajibu kuieleza. Asipoieleza anapata dhambi, hata kama mnunuzi hatagundua maishani mwake.

Wako wanaosema: "Mimi nauza kama ilivyo, kitakachotokea si changu." Katika madhehebu ya Shafi, kwa kauli yenye nguvu, sharti hilo halimwokoi muuzaji wa nyumba. Lilikubaliwa katika wanyama tu, kwa maradhi ya ndani ambayo muuzaji hakuyajua. Imepokewa kwamba Abdullah bin Umar (r.a.) aliuza mtumwa kwa dirham 800 akashurutisha kutodaiwa aibu, mnunuzi akadai kuna ugonjwa hakuambiwa, kesi ikafika kwa Khalifa Uthman (r.a.). Uthman akamtaka Ibn Umar aape kwamba hakuwa akijua. Ibn Umar akakataa kuapa, akamrudisha mtumwa kwake. Zingatieni swali lililoulizwa na kadhi: ulijua au hukujua?

Tena iko hadithi mashuhuri ya rundo la nafaka sokoni Madina. Mtume (s.a.w.) alitia mkono ndani ya rundo, vidole vikakuta unyevu chini. Mwenye nafaka akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuweka iliyolowa juu watu waione. Mimi kila nikiisoma namwona muuza nyumba wa Kampala anayepaka rangi kuta mwezi wa Januari, anauza Februari, kabla ya mvua za Machi hazijaonyesha ukweli. Naye atasema: ni mvua.

Katika mtaa wetu familia moja ilinunua nyumba wakati wa kiangazi. Wakili alikagua hati, mwenyekiti wa LC1 akashuhudia, picha zikapigwa, biriani ikaliwa. Aprili maji ya choo yakarudi juu kupitia tundu la bafu. Fundi alipochimba akakuta kwamba kile kilichoitwa tangi ni shimo lisilo na sakafu wala bomba la kutokea, na lilikuwa limenyonywa wiki chache kabla ya mauzo. Kujenga upya kuligharimu pesa zilizowekwa kwa ajili ya karo ya shule ya watoto wawili. Hati ilikuwa safi kabisa. Hati haielezi kilichofukiwa.

NAMNA YA KUKAGUA KABLA YA KUNUNUA

Kwanza uliza tangi liko wapi. Muuzaji asiyejua, au anayeonyesha kwa mkono "huko nyuma", amekwisha kukujibu nusu. Uliza lilijengwa mwaka gani, lilinyonywa lini mara ya mwisho, na risiti iko wapi. Kisha mwombe afungue mfuniko mbele yako, na sharti kubwa ni kwamba lisinyonywe kabla hujaliona. Watu wengi hufikiri kumnyonyea mnunuzi ni ihsani. Kumbe tangi tupu halisemi kitu, sawa na mgonjwa aliyepewa dawa ya kutuliza kabla ya daktari kufika.

Tangi likifunguliwa tazama usawa wa maji. Katika tangi zima maji husimama sawa na sehemu ya chini ya bomba la kutokea, hayapandi wala hayashuki. Yakiwa juu ya hapo, au ukutani kuna alama ya kuwa yaliwahi kupanda, basi shimo la kunyonya limechoka. Yakiwa chini, basi tangi linavuja, na yanayovuja yanakwenda ardhini, pengine kwenye chemchemi wanayoteka watu. Kama hakuna bomba la kutokea kabisa, hilo ni shimo tu, na bei iwe ya nyumba yenye shimo. Fundi achukue mti mrefu aliouzungushia kitambaa cheupe, auzamishe hadi chini na kuutoa polepole: weusi uliobaki kwenye kitambaa unaonyesha kina cha tope. Tope na utando vikifika theluthi ya kina cha tangi, wakati wa kunyonya umefika. Atazame pia kama zile T za mabomba zipo, maana zikikatika mafuta huingia shimo la kunyonya na kuliziba, na shimo lililozibwa na mafuta haliponi.

Halafu fungueni mabomba ya nyumba yote, yamwagike nusu saa. Sikilizeni kama choo kinagugumia. Tembeeni juu ya shimo la kunyonya mkitazama majani: yakiwa ya kijani kibichi sehemu moja tu wakati wa kiangazi, au ardhi inabonyea, mmepata habari. Rangi ya chakula kidogo ikimwagwa chooni inaweza kuonyesha kama maji yanatokeza mtaroni, lakini wakati mwingine huchukua siku kadhaa, basi mwambieni jirani asishangae. Na ukiweza, rudi siku baada ya mvua kubwa. Ukaguzi wa masika ni bora kuliko kumi ya kiangazi.

Mtu yeyote asiingie ndani ya tangi, hata tupu, hata dakika moja. Humo kuna gesi yenye harufu ya yai bovu, na ikizidi pua huacha kuisikia, mtu huanguka hapo hapo. Anayeruka kumwokoa huanguka juu yake. Mfuniko uliopasuka nao si jambo la kungoja mwezi ujao kama una watoto uani.

UTUNZAJI WA KILA SIKU

Hapa nitasema kwa ufupi, kwa kuwa haya ni rahisi. Nyumba ya kawaida hunyonya tangi kila baada ya miaka miwili hadi mitano, kwa kutegemea ukubwa wake na idadi ya watu, na kwetu ambako wageni na wapwa hawaishi, hesabu karibu na miwili. Maji ya mvua ya paa yasielekezwe kwenye tangi. Hilo ni kosa la mafundi wengi na linafukuza tope kabla halijatulia. Mafuta ya kukaangia sambusa yasimwagwe kwenye sinki. Nepi, pedi na vitambaa vya kupangusia watoto visiingie chooni hata kama pakiti inadai vinayeyuka. Dawa kali za kuua vijidudu zikimwagwa kwa ndoo huua pia wale wafanyakazi wadogo wanaokula tope.

Sisi Waislamu tuna jambo letu pia. Kustanji kwa maji hakuleti karatasi nyingi tangini, na hilo ni jema. Lakini maji ya udhu ni mengi, hasa misikitini na madrasani, na mwezi wa Ramadhani yanazidi. Tangi la madrasa lililojengwa kwa hesabu ya nyumba ya familia haliwezi kubeba watoto mia wanaotawadha Adhuhuri na Alasiri. Maji ya udhu yaliyotumika ni twahara ingawa hayatwaharishi tena, kwa hiyo hakuna kizuizi kuyaelekeza kwenye migomba kwa mfereji wa peke yake, na tangi likapumzika. Nimeona misikiti iliyofanya hivyo, na matoke yake yamestawi.

Wakati wa kunyonya muulize dereva anapeleka wapi. Kuna malori yanayopeleka Lubigi na Bugolobi, na mahali ambapo lori halipiti kuna vijana wenye pampu ya mkono iitwayo Gulper wanaojaza mapipa na kuyasafirisha. KCCA wana kampeni waliyoiita Weyonje, jina la mzizi ule ule wa kabuyonjo, ya kuwaunganisha wenye nyumba na wanyonyaji waliosajiliwa. Anayetoza nusu ya bei za wenzake ana sababu yake, na sababu hiyo mara nyingi ni bonde lililo karibu.

Na kwa anayeuza: chora kwa mkono wako karatasi moja. Onyesha nyumba, tangi, shimo la kunyonya na hatua ngapi kutoka kona ya ukuta. Andika mwaka wa kujengwa, tarehe ya kunyonywa mara ya mwisho, na kila kasoro unayoijua, hata ile unayodhani ni ndogo. Mnunuzi asome, atie sahihi kwamba ameelewa, bei ikubaliwe baada ya hapo. Nakala moja ibaki kwako, ya pili kwake, na ya tatu ibanwe pamoja na mkataba wa mauzo anaoushuhudia mwenyekiti wa LC1, ili hata yule atakayenunua baada yake ajue pa kuchimba.